Mwalimu Aliyepewa Kiti

Ukimwambia mwalimu wetu akae, alisimama. Ukimwambia asimame, alitafuta ukuta wa kuegemea, akakunja mikono, akakuuliza nani amekutuma. Padri alipowaomba waumini wasogee mbele, yeye alibaki nyuma kabisa karibu na mlango. Jumapili moja padri huyo alichoka, akatangaza kwamba kila mtu akae anapotaka, na mwalimu akatembea katikati ya kanisa na koti lake refu la kijivu mpaka benchi la kwanza, akakaa peke yake. Daktari alipompa vidonge vya presha alivimeza vizuri, hadi siku aliposikia kwamba ni lazima avimeze. Kuanzia hapo mkewe, ambaye sisi sote tunamwita Madame, alikuwa anaweka kidonge kando ya chai na kusema, "Hii usimeze, nimeiweka tu hapa." Akameza.

Nimeishi karibu naye miaka mingi hapa Mibirizi. Mashamba yetu yanapakana, mihogo yangu na kahawa yake. Wote wawili tulikulia Bukavu, ng'ambo ya pili, Kongo, na tuliporudi Rwanda tulirudi na Kiswahili mdomoni, kwa hiyo mpaka leo tukikutana njiani hatuongei Kinyarwanda hata kama tunakifahamu. Mimi nauza vitenge, navuka mpaka asubuhi na kurudi jioni. Yeye ananiita Maman Furaha, kwa jina la binti yangu wa kwanza. Mimi namwita Mwalimu kama watu wote, na jina lake halisi sitaliandika hapa, kwa sababu najua ataniuliza nani amenipa ruhusa.

Ni mtu mrefu kupita kiasi. Milango ya kilimani kwetu haikujengwa kwa ajili yake, na paji la uso wake lina kovu dogo la kila nyumba aliyowahi kutembelea. Shati lake lilipigwa pasi ya mkaa kila siku, lakini tai hakuvaa hata siku wageni wa wizara walipokuja shuleni, maana walimu walikuwa wameambiwa wavae. Kila mtu kwake ni mon cher, yaani mpendwa wangu, mwanamume au mwanamke, na nimemsikia kwa masikio yangu akimwita hivyo mbuzi aliyemkuta kwenye maharage yake. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya kijiji, alikuja na jembe safi kama limetoka dukani jana, akasimama kando ya mtaro, akaanza kujadili kama kweli maji yanapaswa kupita hapo. Wakati anamaliza hoja yake mtaro ulikuwa umeshachimbwa. Alituambia sote asante, akarudi nyumbani na jembe lake begani, tukamcheka mpaka tukachoka.

Alifundisha Kifaransa. Alikifundisha kwa mapenzi, na imla zake zilikuwa ndefu sana, wanafunzi walitoka na vidole vimekakamaa. Halafu ukaja mwaka tulipoambiwa kwamba shule zote zitafundisha kwa Kiingereza, na walimu wote, wazee kwa vijana, wajifunze. Unaweza kukisia alivyopokea habari hiyo. Wiki nzima hakumsalimia mtu. Kiingereza alikiita mkwe wa kuletewa, yaani mtu uliyeamka asubuhi ukamkuta ameshakaa mezani kwako na hakuna aliyekuuliza. Lakini mkwe huyo huyo alianza kumpenda polepole, kwa siri. Madame ndiye aliyemchongea kwetu. Alisema mumewe anajifungia na redio ndogo na kamusi iliyopoteza jalada, na kwamba akikosea neno anajigombeza mwenyewe kwa Kifaransa.

Ndipo lilipoanza darasa lake la Jumapili baada ya misa. Lilikuwa letu sisi akina mama wachuuzi, wenye biashara Kamembe na Bukavu, tuliochoka kupunga mikono mbele ya wateja wanaoongea Kiingereza. Alituambia siku ya kwanza: "Hapa hakuna kuitwa majina. Mwenye anakuya, amekuya. Mwenye haweze, abaki kwake." Hakuna aliyekosa. Sisi wenyewe tulishangaa, maana mikutano ya chama cha akiba, ambako ukichelewa unaonywa, tulikuwa tunaikimbia.

Namna yake ya kufundisha ilikuwa hii: neno moja kwa Jumapili moja, na neno hilo halitoki darasani mpaka kila mmoja ameliwekea sentensi ya kwetu. Hakutaka sentensi za kwenye kitabu. Ukisema paka yuko juu ya meza alikuuliza meza ya nani, na paka huyo amekula nini.

Jumapili moja aliandika ubaoni neno compulsory. Akaweka chaki chini, akafuta mikono kwenye koti, akasema kwa Kifaransa ni obligatoire na kwa Kiswahili ni lazima, lakini kujua hivyo hakutoshi. Rafiki yangu anayeuza nyanya Kamembe akanyoosha kidole, akasema School is compulsory.

"Ile ni sentensi ya kitabu, mon cher. Leta yako. Ni kitu gani, ukikosa kuifanya, kuna muntu atakuya ku mulango yako?"

"Umuganda," alisema mmoja, akimwangalia kwa jicho la pembeni.

"Sawa. Nani anakuya?"

"Chef wa mudugudu, mukubwa wa kijiji."

"Na kofia ya pikipiki?"

"Polisi."

"Na kusalimia mama mukwe?"

Tuliangua kicheko. Yule wa nyanya akasema, "Ile haiko compulsory, Mwalimu. Hakuna mwenye anakuya."

"Kabisa?"

"Eh, bwana yangu anakuya!"

Alisubiri tutulie. Kisha akasema maneno ambayo mimi nimeyashika kuliko Kiingereza chote alichonifundisha. "Kuna bitu, ukiacha kufanya, batu banakusema. Wanakusema tu, kisha banaenda kupika. Na kuna bitu, ukiacha kufanya, batu banakufuata mupaka mu nyumba. Neno hii ya leo ni ya kufuatwa." Akageukia ubao, akaandika sentensi yake mwenyewe kwa mwandiko ule mzuri wa walimu wa zamani: The ingobyi is compulsory.

Tukacheka tena, safari hii kwa upole, kwa sababu wote tulijua hadithi yake na ingobyi.

Ingobyi ni machela ya kusukwa, kama kikapu kirefu, yenye miti miwili ya kubebea begani. Kilima chetu ni kilima kweli. Kutoka nyumba za chini mpaka hospitali ya misheni ni njia ya miguu tu, na mvua ikinyesha hata mbuzi anafikiri mara mbili. Kwa hiyo majirani wameungana tangu wazee wa wazee. Mgonjwa akizidiwa, mtu anapaza sauti kutoka uani, na kila nyumba iliyosikia inatoa mbebaji. Wanaume wanabeba kwa zamu, wanawake tunashika mzigo wa mgonjwa na uji wake. Asiyekuja anapigwa faini, amende kama tunavyosema sisi, na faini yenyewe ni kidumu cha urwagwa, pombe ya ndizi, inayonywewa na waliobeba. Hakuna karani wala mhuri, lakini sijaona serikali inayotiiwa namna hiyo.

Mwalimu alipohamia hapa na Madame hakuyajua hayo. Alikuwa mtu wa mjini. Kwetu Bukavu jirani akiugua unamtumia sukari na sabuni, halafu siku ya pili unakwenda kumwangalia hospitalini ukiwa umevaa vizuri, na umefanya jambo la heshima. Basi mwito wa kwanza ulipopigwa, na mtu akaja kumgongea, mwalimu alimsikiliza kwa adabu, akaingia ndani, akatoka na sukari na kipande cha sabuni, akasema ampelekee mgonjwa na pole nyingi. Yule mtu alibaki amesimama uani na sukari mkononi. Mwito mwingine ulipokuja, sukari tena. Baadaye mtu mmoja alimwambia wazi kwamba ni lazima aje kubeba. Hapo ndipo alipoharibu kabisa. "Mimi sikubali mambo ya lazima," alisema. "Muniombe, tutaona." Hawakumwomba. Waliacha kumgongea mlango wake, na yeye akafikiri ameshinda.

Msimu huo wa mvua Madame akashikwa na tumbo. Ilikuwa alfajiri, na nilisikia kilio chake kabla sijawasha moto. Mwalimu alikimbia kuelekea barabarani kutafuta gari, na viatu vyake vya ngozi vya Bukavu, anaanguka na kuinuka. Gari la kupanda kwetu katika matope yale halikuwepo. Mimi nilisimama uani kwangu nikapaza sauti. Sikujua kama watakuja. Nilijua walivyokuwa wanamsema.

Aliporudi mikono mitupu, amelowa, uani kwake kulikuwa kumejaa watu. Madame alikuwa ameshalazwa ndani ya ingobyi, amefunikwa blanketi la mtu mwingine, na Mzee wa ingobyi, ambaye siku hizo ndiye alikuwa mkubwa wa kikundi, alikuwa anakagua kamba. Mzee huyo aliwahi kupakua mizigo ufukweni Bukavu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kutoa amri. Mwalimu alikimbilia mti wa mbele ili aubebe. Mzee akamshika mkono, akautoa taratibu kwenye mti.

"Weye hapana. Weye utabeba sac ya bibi yako."

Alibeba mkoba. Alitembea kando ya mkewe njia nzima akiteleza, na kila alipotaka kusaidia, bega la mtu mwingine lilikuwa limeshatangulia. Nimeona wanaume wengi wakilia, lakini yule alikuwa anatembea tu huku machozi yanachanganyika na mvua na hajui ayafute na nini. Hospitali walimpasua Madame mchana huohuo. Akapona, anaishi, na ana maneno mengi kuliko kabla ya kupasuliwa.

Mwalimu aliandaa shukrani. Alinunua sukari, sabuni na mchele, akakaa akitunga hotuba. Waliobeba wakaja jioni moja, wakakaa kwenye mkeka uani, wakamsikiliza mpaka mwisho. Sukari hawakuigusa. Mzee akakohoa, akasema wamekuja kwa ajili ya jambo lingine. Mwalimu alikosa mwito huu, akakosa na ule, na ule mwingine wa yule bibi wa chini. Kila mwito una kidumu chake, na vidumu hivyo avilete.

Mimi nilikuwa mlangoni na sahani ya viazi, na nilifunga macho. Nilifikiri sasa atalipuka. Mtu ambaye hakubali hata kuambiwa akae, leo anapigwa faini mbele ya mkewe aliyetoka hospitali. Akauliza, karibu kwa kunong'ona, "Na kama mungenihesabia mugeni?"

"Mugeni hatupigi amende," Mzee alisema. "Mugeni tunamupa kiti."

Mwalimu aliwaangalia. Kulikuwa na viti viwili uani, na yeye alikuwa amekalia kimoja. Akainuka, akakunja miguu yake mirefu ile, akakaa chini kwenye mkeka pamoja nao, akaweka uso kwenye viganja. Nilielewa papo hapo, na mimi nikalia na sahani yangu. Wangeweza kumbeba Madame wakaondoka, wakamwacha na sukari yake maisha yote. Walikuja kumdai kwa sababu walikuwa wameamua yeye ni mtu wao. Kesho yake alikwenda mwenyewe kutafuta urwagwa, na kwa kuwa hakujua kununua aliuziwa iliyochacha, ikawaumiza matumbo, wakampiga faini nyingine kwa hiyo.

Tangu siku hiyo hakukosa mwito. Na alikuwa na kazi ya maana, kwa sababu ya urefu. Njia ikiteremka, mrefu anakaa mbele, ikipanda anahamia nyuma, na hivyo mgonjwa analala sawa. Vikundi vya vilima jirani vilituonea wivu kwa yule mtu wetu mrefu. Alibeba huku analalamika. Alilalamikia bega, mawe, uzito wa mgonjwa mbele ya mgonjwa mwenyewe, na wagonjwa walisema malalamiko yale yaliwafanya wajione wazima.

Yeye ndiye aliyeleta pia desturi ya kuhesabu hatua. Wabebaji wanne wasipokanyaga pamoja, mgonjwa anatupwatupwa humo ndani. Mwalimu alianza kuimbisha kitenzi kama darasani: je dois, tu dois, il doit, mguu wa kushoto na wa kulia. Wanaume ambao hawakuwahi kuingia darasa la Kifaransa waliitikia nous devons, vous devez, wakipanda kilima na jasho linawatoka, na hakuna aliyejua maana yake ila yeye. Walipomwuliza alisema, "Ni kuhesabu tu." Miaka ya Kiingereza alijaribu kubadilisha, akawaimbisha I must, you must, yaani ni lazima ileile. Wakagoma. Mbebaji mmoja, mkulima wa kahawa, alimwambia ile ya zamani ilikuwa na miguu na hii inachechemea. Basi ingobyi yetu ikabaki na Kifaransa chake, na mwalimu alifurahi sana kwamba kuna mahali pamoja amri ya wizara haikufika.

Cha ajabu ni kwamba mtu huyu mwasi alikuwa mkali wa faini kuliko Mzee. Mwanawe alikuja likizo kutoka Kigali, mwito ukapigwa, kijana akasema viatu vyake ni vipya. Kabla ya chakula cha jioni alikuwa amepigwa faini na baba yake mwenyewe. Hata mimi alinipiga. Siku hiyo mpaka ulifungwa mapema, nikabaki ng'ambo na vitenge vyangu, uji wa mgonjwa haukupikwa na mtu. Nilimweleza. Alinisikiliza kwa makini, akanipa pole, akasema kidumu. Sikumsemesha mpaka Krismasi, nikipita nageuza uso, na yeye akawa ananiachia parachichi kwenye mpaka wa shamba bila kusema neno. Parachichi nilikula. Pombe nilitoa.

Sasa mambo yamebadilika. Barabara imechongwa mpaka karibu na shule, na ukipiga simu ambulansi inakuja. Ingobyi inaning'inia chini ya paa kwa jirani, na kuku walishajaribu kutagia humo. Lakini ambulansi inasimama barabarani. Nyumba za bondeni bado ziko bondeni, na kutoka huko mpaka barabarani ni bega la mtu. Mzee wa ingobyi alishafariki, tulimbeba sisi wenyewe. Walioshika nafasi yake walichoka haraka, na mwishoni watu waliniteua mimi. Mwanamke kuongoza ingobyi ilikuwa kichekesho mwezi wa kwanza, halafu wakazoea.

Mwalimu amezeeka. Goti la kulia halikunjiki, na anatembea na fimbo aliyoichonga mwenyewe kwa sababu ile ya hospitali alilazimishwa kuichukua. Mwaka jana, kabla sijachukua uongozi, kikundi kilikaa kikaamua kumpumzisha. Waliandaa shughuli nzuri. Walisema amebeba wengi, sasa asibebe tena, asiitwe tena, hana faini tena mpaka kufa kwake. Wakapiga makofi. Wakamletea zawadi waliyochangia, kiti cha plastiki cha buluu chenye mikono, ili akae uani kwake na kuota jua. Alisimama, akashukuru kwa Kinyarwanda kizuri, akawapa wote mkono. Nilimwangalia usoni na kitu kikanichoma, ila sikukijua mara moja.

Baada ya hapo akawa haonekani. Darasa la Jumapili alilifunga, akasema macho. Nikipita nilimwona uani kwenye kiti cha buluu, ameweka mikono juu ya mikono ya kiti kama mtu anayengoja kupigwa picha. Alinisalimia vizuri mno. Hakuniita mon cher.

Kisha Madame alikuja kwangu, nikiwa nakunja vitenge.

"Maman Furaha, muzee wangu anaisha."

"Anaumwa nini?"

"Haumwi. Kidonge namuambia usimeze, kweli hamezi. Namuambia meza, anameza. Kila kitu anasema sawa." Alikaa juu ya mzigo wangu, akaanza kulia. "Sijawahi kuishi na muntu wa sawa, miye. Tangu bamupe kile kiti amekuwa mugeni mu nyumba yake."

Hapo nikakijua kilichonichoma siku ile. Nilimwambia arudi nyumbani, na nilikaa na vitenge mikononi bila kuvikunja.

Haikupita wiki mbili, mwito ukapigwa kutoka bondeni. Mwanamke mjamzito, uchungu umemshika, ambulansi iko njiani. Tukashuka. Wabebaji walikuwa vijana wenye nguvu, lakini kila mmoja anakwenda kivyake, na hakuna aliyekuwa anahesabu. Kwenye kona ya mawe, njia inapoteremka kidogo kabla ya kupanda tena, wa mbele aliruka, wa nyuma akasita, ingobyi ikalala upande, na yule mama akapiga yowe ambalo sitalisahau. Mimi na mwenzangu tuliishika kwa mikono na matumbo. Tulifika, na mtoto alizaliwa salama hospitalini. Lakini usiku mzima nilikuwa nageuka kitandani.

Asubuhi niliwakusanya wale vijana wanne na kinamama wawili, tukaenda kwa mwalimu. Alikuwa kwenye kiti chake cha buluu. Alianza kumwita Madame alete viti kwa wageni. Sisi tukakaa chini, kwenye majani.

"Mwalimu," nilisema, "jana mwito ulipigwa. Batu bote balisikia. Weye hukukuya."

Aliniangalia. "Mulinisamehe. Mbele ya batu bote, na makofi."

"Waliosamehe walikosea. Kubeba wamekusamehe, sawa, goti hiyo tunaiona. Kuhesabu nani alikusamehe? Jana hakuna mwenye alihesabu. Ingobyi ililala ku mawe, kidogo tumwange ule mama."

"Kwenye kona?" Alikaa wima. "Kona ya mawe makubwa?"

"Eh, hapo hapo."

"Nani alikuwa mbele?"

Kijana mmoja akainua mkono.

"Weye mufupi hivyo, unashuka mbele? Nani alikuweka mbele? Na munapanda bila kuhesabu, kila mutu na miguu yake, kama ng'ombe wa soko?" Alikuwa ameshika fimbo kama chaki. Alianza kuwagombeza mmoja mmoja, kwa lugha tatu, kuhusu mabega, urefu na kona. Nilimwacha aendelee. Madame alikuwa ametoka jikoni, kitambaa mkononi, amesimama anasikiliza.

Alipochoka nilikohoa kama alivyokohoa Mzee zamani. "Tutakusikiliza, Mwalimu. Lakini ya kwanza, kidumu kimoja. Amende. Ya jana."

Kuku akapita. Mkono wake mmoja ulikuwa bado kwenye mkono wa kiti.

"Mimi ni muzee," alisema. "Mimi ni mugonjwa. Goti iko na karatasi ya daktari."

"Kidumu."

"Urwagwa imepanda bei."

"Kidumu, Mwalimu."

"Na nikikataa? Hii kitu iko compulsory?"

"Iko compulsory."

"Sentensi nzima!" alifoka, kwa sauti ile ya darasani ambayo sikuwa nimeisikia mwaka mzima.

Kiingereza changu chote kilikimbia. "Ukikosa kukuya," nilisema, "tunakufuata mupaka hapa."

Aliitafakari sentensi hiyo, akaikubali kwa kichwa. Akashika fimbo, akajisukuma kutoka kwenye kiti, na nilipomwambia, "Kaa, Mwalimu, Madame ataleta," alikataa katakata kukaa. Akachechemea kuelekea jikoni kutafuta kidumu kitupu, akigonga kichwa mlangoni, akinung'unika kwa sauti ili wote tusikie kwamba kwenye kilima hiki mtu hana raha hata uzeeni, mon cher, hana raha kabisa.